Kaka, kile kipande cha reli

Kaka yangu, shikamoo.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu maneno uliyonitamkia siku tuliyomzika baba uliyatamka hadharani vilevile, mbele ya paroko, wakwe na watoto wa kipaimara.

Kigango chetu, kanisa dogo lililokuwa chini ya parokia nyingine, kimekuwa parokia. Jumuiya 6 alizoziacha baba alipostaafu ukatekista sasa ni 14, na Jumapili wanaochelewa husikiliza injili wakiwa dirishani. Unajua mwenyewe kwamba parokia haipatikani kwa kuomba tu: lazima kanisa liwe na nafasi, nyumba ya padre iwepo, na waamini waoneshe kwamba wanaweza kumtunza. Sisi tulijenga kwa korosho. Msimu wa 2018, korosho zilipokosa bei mnadani na Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe, malipo yaliwachelewa wengi, nao ukuta wetu ukakomea kwenye renta na kunyeshewa masika mawili. Vijana wakaanza kuhamia kwenye makanisa ya kinanda kule barabarani, nami, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndiye niliyeulizwa kila wiki fedha zimekwenda wapi. Wewe ulituma bati 30, na ninakushukuru kwa moyo wote. Lakini bati haliwajibu watu maswali baada ya misa.

Mwembe ule tulikokuwa tumetundika reli, kengele yetu, ulikuwa umeliwa na mchwa, na msingi ulipita papo hapo uliposimama. Tuliukata. Kile kipande cha reli nilikiweka stoo kwa mikono yangu.

Sihitaji kukueleza kilikuwa kitu gani kwetu. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, waliyoijenga Waingereza kwa mradi wao wa karanga, ilipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, babu na wenzake walikibeba kwa zamu mpaka kigangoni, kwa kuwa fedha ya kengele haikuwapo. Baba alikigonga Jumamosi jioni na Jumapili mara mbili. Na kwa msiba alikigonga polepole, pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine, hata jirani zetu Waislamu wakasimamisha majembe shambani na kuulizana ni nani.

Siku ya baba hakikulia. Tulitangaza kwa spika. Ulitoka makaburini bila kunawa mikono, ukaingia stoo, ukakivuta kutoka chini ya mifuko ya saruji, ukakilaza mchangani na kukipiga kwa jiwe. Chuma kilicholala chini hakilii, kaka. Kilitoa mlio mfupi kama wa jembe lililogonga kisiki. Ukapiga tena, na tena, shati lako jeupe likiwa limejaa saruji, na hakuna aliyethubutu kukushika. Kisha ukanitazama na kusema, "Baba mmemzika kwa betri." Ukamwita dereva, mkakipakia kwenye gari, mkaondoka kabla ya chakula.

Hilo la chakula mama bado analisema.

Ninakushauri, ingawa mimi ni mdogo wako, usimtafute baba ndani ya chuma. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilipochomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wamisionari Wabenedikto hawakubaki kulilia majivu. Mwaka uliofuata walianza Ndanda, na ndipo mimi na wewe tulipozaliwa na kubatizwa. Najua utakavyonijibu: wao walichomewa, sisi tuling'oa wenyewe. Lakini niambie, ningefanya nini? Ningeuacha mwembe uangukie watoto wa utoto mtakatifu? Ningesimamisha msingi ili wewe, unayekuja Krismasi moja katika tatu, ukikute kila kitu mahali pake? Baba mwenyewe aliuona mwembe ukikatwa. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba mpaka tawi la mwisho, hakusema neno, naye hakuwa mtu wa kunyamaza akikasirika.

Nimewaambia watu kwamba nilikihifadhi makusudi mpaka mnara ukamilike. Si kweli. Nilikisahau. Usiku ule nilikuwa nikihesabu majamvi, masufuria na nauli za wageni, na nilikumbuka reli tulipokuwa tukishusha jeneza, wakati nisingeweza tena kumtuma mtu. Ulipoanza kupiga lile jiwe nilikuwa nimekwisha kujua.

Nasikia umekitundika getini kwako Dar es Salaam na mlinzi hukigonga wageni wakifika.

Askofu atakuja kulitabaruku kanisa baada ya mavuno. Fundi ameacha kulabu ya nondo ya milimita 16 kwenye boriti ya mnara, upande unaotazama kaburi la baba, na watu wanamuuliza ni ya nini. Basi la Masasi linaondoka alfajiri. Kifunge kwa gunia, mwambie kondakta akishushe njia panda. Mzigo nitaulipia mimi huku. Ukipenda kukileta mwenyewe, chumba chako mama hajampa mtu.