Bei ya kigari imeandikwa, ya kedi mbona haikuandikwa?

Mhariri,

Jumanne ya wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji aliyekwenda kucheza gofu katika hoteli moja ya Pwani akarudi na hasira. Kedi wake, yaani kijana aliyembebea begi la fimbo, alimwomba shilingi 2,000 baada ya mashimo 18, naye akaona ameibiwa mchana kweupe. Akamalizia kwamba makedi wa hotelini ni ombaomba waliovaa sare. Barua hiyo niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mume wangu aisikie. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Kwani nyinyi mlifanya nini mwezi wa nane?" Nikakosa jibu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sisi ni wanawake wanne wa chama kimoja cha kuchangishana fedha hapa Mombasa. Mmoja ni mfamasia, mmoja ana duka la leso Biashara Street, mmoja ni keshia wa benki na ndiye mweka hazina wetu, na mimi ni muuguzi mstaafu. Gofu tumeianza ukubwani, mimi nikiwa na miaka 51, katika uwanja wa Mombasa ulio juu ya bahari pale barabara ya Mama Ngina, ule wa mashimo 9 ulioanza mwaka 1911. Msomaji asidhani tuna fedha za kuchezea. Fimbo zangu nilizinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama, na glovu naivaa mpaka kidole gumba kichungulie nje. Safari yenyewe tuliichangia miezi kumi, 2,500 kila mmoja kila mwezi juu ya mchango wa kawaida, zikatimia 100,000. Hizo ndizo zilizotulaza hotelini Ijumaa na Jumamosi, vyumba viwili, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na kila mtu raundi mbili za gofu.

Jina la hoteli silitaji. Ugomvi wangu mkubwa ni na sisi wenyewe.

Uwanja ule, Mhariri, utaupenda hata kama hujui kushika fimbo. Umekatwa ndani ya msitu, juu ya mawe ya matumbawe, na mibuyu imeachwa imesimama pale pale ilipokuwa, kwa hiyo wewe na mpira wako ndio mnaotafuta njia. Tumbili wanakaa pembeni kama mashabiki. Mmoja alishuka akachukua ndizi kutoka kwenye begi la mfamasia, akaimenya taratibu tukimwona, akatupa ganda kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri. Pepo za kusi zilikuwa zimekaza. Tulianza Jumamosi saa moja na dakika kumi asubuhi, wanne wetu na makedi wanne.

Wangu alikuwa mtu wa makamo, ovaroli ya kijani, namba 31 mgongoni. Sikumuuliza jina mpaka shimo la tano, na hiyo ni aibu yangu. Hapa nitamwita Thelathini na Moja kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kumwandika gazetini.

Kwa wasioujua mchezo huu, wengi hudhani kazi ya kedi ni kubeba. Kubeba kupo, tena si mchezo. Begi langu nililipima nyumbani kwenye mizani ya mjukuu, kilo 13, na mashimo 18 kwa miguu ni kama kilomita nane au tisa, na zaidi kwa anayepiga ovyo kama mimi, maana naye anakufuata vichakani. Lakini kubeba ndiko kudogo. Shimo la tatu nilishika fimbo namba 9. Thelathini na Moja aling'oa majani mawili, akayaachia, yakampiga kifuani. Akasema, "Mama, chukua namba 7. Hapa huuoni upepo kwa sababu ya miti, lakini mpira ukipanda utakutana nao." Nikachukua 7, inayopeleka mbali zaidi, mpira ukatua karibu na kibendera. Nilipofika pale nikaona mteremko uko kushoto, nikataka kupiga kulia kidogo. Akacheka. "Macho yanakudanganya. Hapa kila kitu kinakimbilia baharini, hata mvua." Sikumsikiliza. Mpira ukakata kuelekea baharini kama alivyosema, nikahitaji mikwaju mitatu zaidi kuuingiza.

Shimo la nane ndilo lililonimaliza. Nilipiga mpira ukaingia msituni, sote tukasikia "ta!" Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019 mpira uliopotea hutafutwa dakika tatu tu, zamani zilikuwa tano. Wenzangu wote walikwenda chini ya miti. Thelathini na Moja alikwenda upande mwingine kabisa, mita thelathini nyuma. "Huo mlio ni wa jiwe," alisema. "Mti hulia mzito." Mpira ulikuwa umegonga jiwe la tumbawe ukarudi, umelala kwenye nyasi safi. Mimi nimefanya kazi wodini miaka 34 na najua mtu anayesikiliza kifua akajua kilichomo. Sikutarajia kumkuta uwanjani.

Na stara pia. Mfamasia wetu, Mungu amrehemu angali hai, mpira wake ulikaa kwenye mizizi ya mbuyu. Akauachia mguu umsogezee mpira kinyemela. Makedi wote wanne walikuwa wakiitazama bahari. Jioni mfamasia alidai mikwaju 97, na hakuna aliyekohoa.

Mwezi wa pili mwaka 2023 tulikwenda uwanja wa Vipingo, Kilifi, kuwaona wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa, mwaka ule aliposhinda Aditi Ashok wa India. Yule binti kwenye Olimpiki ya Tokyo alibebewa begi na mama yake mzazi, akamaliza wa nne, akikosa medali kwa mkwaju mmoja. Sisi akina mama tulilipenda sana jambo hilo, tukalizungumza njia nzima. Kwa kanuni za gofu, kedi ndiye unayeruhusiwa kumwomba ushauri katikati ya mchezo, lakini ukimuuliza mpinzani wako ametumia fimbo gani ni mikwaju miwili ya adhabu. (Sisi tukiifuata hiyo tutarudi na 200.) Na kedi akivunja kanuni, anayeadhibiwa ni mchezaji. Yaani hata kitabu kinawahesabu watu hawa wawili kuwa kitu kimoja. Kwenye mashindano makubwa desturi ni kedi kupata karibu asilimia 10 ya zawadi mchezaji wake akishinda. Sasa sikiliza tulichofanya sisi.

Tulimaliza karibu saa sita. Tukakaa barazani, tukaagiza madafu, halafu kamba wa kukaanga, ambao hawakuwemo katika malipo yetu. Sahani ile sitaki kuitaja bei, mume wangu anasoma gazeti hili. Makedi walisimama kwenye kivuli cha mkungu, mabegi yetu yakiwa yamefutwa na fimbo zimepanguswa majani. Mweka hazina akafungua daftari lake. Asubuhi, kabla ya kuanza, msimamizi wa zamu alikuwa ametuambia kawaida ni 1,500. Sote tulisikia. Mweka hazina akasema, "Hiyo ni bei ya Wazungu. Sisi ni wenyeji, na hoteli tumekwisha kuilipa." Akatoa 800 mara nne, akazikunja, akampa mhudumu awapelekee. Hakwenda hata yeye mwenyewe.

Nikanyamaza. Nilikuwa na kamba mkononi.

Thelathini na Moja alizifungua, akazitazama, akaniinulia mkono. "Ahsante, mama. Kesho tena, Mungu akipenda." Ile ahsante ilinikaa kooni mpaka usiku.

Jumapili aliomba zamu ili anibebee tena, na njiani nilimuuliza mambo ambayo ningepaswa kuyauliza mapema. Hoteli haimlipi mshahara. Ovaroli ni yao, mtu ni wake mwenyewe. Anafika saa kumi na moja alfajiri kuandika jina, na zamu inakwenda kwa foleni, kwa hiyo anaweza kukaa Jumatatu hadi Alhamisi asipate begi hata moja. Desemba na Pasaka kuna kazi. Mwezi wa tano, masika ikiwa imekolea na wageni wamekwisha, anakwenda kuchimba mawe ya kujengea. Haya hakuyasema kwa kulia. Aliyasema huku akitazama mpira wangu ulikokwenda, kisha akasema, "Namba 8, mama, na usikaze mikono."

Sasa narudi kwa msomaji wa Jumanne. Ndugu yangu, ulikasirika kwa sababu uliombwa bei usiyoijua. Nakuelewa. Lakini pale kaunta ya gofu kuna karatasi imetiwa plastiki. Kwetu sisi ilikuwa na bei ya raundi, bei ya kukodi fimbo, bei ya ndoo ya mipira ya mazoezi, na bei ya kigari cha umeme cha kuzungukia uwanja, 4,000. Kigari hakijui upepo wala hakisikii jiwe. Je, kuna mtu amewahi kukaa barazani akasema kigari kipewe 2,000 kwa kuwa sisi ni wenyeji? Kigari kinalipwa kabla hakijawashwa. Mtu analipwa baada ya kazi, kwa huruma ya aliyeshiba, na ndiyo maana wengine wanajifunza kuomba juu ili wakipunguziwa wabaki na kitu. Umewaita ombaomba. Mimi nasema tumewaweka mahali pa kuomba, halafu tukawacheka kwa kuomba.

Ninachoziomba hoteli zenye viwanja ni mstari mmoja tu kwenye karatasi ile ile: kedi, mashimo 18, kiasi fulani, kilipwe hapa kaunta pamoja na vingine, naye akabidhiwe chote. Anayetaka kuongeza bakshishi aongeze. Anayeona ni ghali abebe begi lake mwenyewe, tuone kama atafika shimo la kumi na kusi inavyovuma. Najua wengine watasema hoteli zikishika fedha zitakata. Wasikate. Au makedi wachague wenzao wawili wakae pale kaunta na daftari lao, kama tunavyofanya katika chama.

Thelathini na Moja nilimlipa Jumapili, 1,500 za siku ile na 700 za Jumamosi, kutoka pochi yangu. Wale watatu hawakuwa na zamu siku hiyo, na wenzangu walibebewa na makedi wengine. Nilichukua namba zao za M-Pesa kwake. Garini, tulipofika karibu na nyumbani, nilimwambia mweka hazina tunadaiwa. Akasema suala la fedha lisilo katika ajenda halijadiliwi barabarani. Mwenye duka la leso akaongeza sauti ya redio.

Miezi imepita. Namba zile bado ziko nyuma ya kadi yangu ya mchezo, iliyoandikwa mikwaju 118, na hiyo ni hesabu ya kweli. Mweka hazina hununua gazeti lako kila siku, Mhariri, na barua za wasomaji huzisoma kabla ya kitu kingine. Deni ni 2,100. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyumbani kwangu, saa tisa alasiri.

Mama Rukia,
Tudor, Mombasa.