Anza na Ratiba: Barua kwa Mkufunzi Mpya wa Uuguzi

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa wanafunzi wa uuguzi wanaoanza mafunzo kwa vitendo wodini. Umeniuliza uanzie wapi ili afya na maisha yao yawe bora. Anza na ratiba, kabla ya semina yoyote kuhusu msongo wa mawazo.

Mwanafunzi anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na kutakiwa darasani saa mbili hana upungufu wa nidhamu, anadaiwa usingizi. Mtu mzima huhitaji angalau saa 7 za kulala, na usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kwa kuwa saa ya mwili bado inamtaka awe macho. Nikiwa mwaka wa pili, usiku mmoja nilisimama mbele ya toroli ya dawa nikasoma chati ile ile mara tatu bila jina la mgonjwa kuniingia akilini, mpaka mwenzangu akanichukua kalamu taratibu na kusema, "Kanawe uso kwanza, hii nitaihakiki mimi." Kwa hiyo panga zamu za usiku chache mfululizo, zifuatiwe na mapumziko ya kweli, na uondoe kipindi cha asubuhi kinachofuata. Utaambiwa muda wa masomo hautoshi (sijapata kusikia chuo kikisema unatosha), lakini anayesinzia hafundishiki.

Jambo jingine ni sindano. Nilipojichoma kidole nilinyamaza siku nzima, kwa sababu msimamizi wetu alikwisha kututangazia kwamba anayejichoma ni mzembe. Unajua kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, na humezwa kwa siku 28. Mimi nilipoteza siku nzima ya muda huo kwa kuogopa kugombezwa. Waambie siku ya kwanza kwamba jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, halikamuliwi, na taarifa hutolewa papo hapo bila mtu kuulizwa kwanza kosa ni la nani. Chanjo ya homa ya ini B nayo ianze mapema, maana dozi zake 3 kwa kawaida huchukua miezi 6 kukamilika.

Kuhusu mgongo sina mengi: wapandishe kimo cha kitanda kabla ya kumgeuza mgonjwa, na asiwepo wa kumnyanyua mtu peke yake.

Linalonisumbua zaidi ni kifo cha kwanza. Mwanafunzi huuosha mwili wa mgonjwa aliyekuwa akizungumza naye jana, kisha huagizwa kutandika kitanda hicho hicho kwa anayefuata. Siku hiyo kitanda atandike mwingine, nawe ukae naye kando hata dakika kumi, hata kama hatasema neno.

Ukimaliza kuandika ratiba nitumie kabla hujaibandika ukutani. Nitaanza kuisoma kwenye safu ya usiku.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa tangu wodini