Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leseni, Muhuri na Zamu za Kazi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye jambo lililotuchukulia vikao vingi kuliko yote mwaka huu: ni fundi umeme gani kati yetu apewe kazi zinazopita ofisini kwetu. Kamati imeamua kwamba fundi asiye na leseni hai ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hataandikwa kwenye daftari la zamu. Nimeliunga mkono kwa moyo wote.

Sharti lenyewe si geni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ipo, na TANESCO, shirika la umeme, wanataka fomu na mchoro wa wayaringi wenye sahihi ya mwenye leseni kabla mteja hajafungiwa mita. Lakini tangu REA, wakala wa umeme vijijini, wapeleke nguzo huko, na ada ya kuunganishiwa umeme vijijini kushuka hadi shilingi 27,000, nyumba zinazohitaji wayaringi zimeongezeka kwa kasi kuliko mafundi wenye sifa. Hapo ndipo biashara ya kukodisha muhuri iliponoga. Kijana anatandaza nyaya nyumba nzima, kisha anamtafuta mwenye leseni, anampa chochote, fomu inagongwa. Mwenye muhuri hata kizingiti cha nyumba ile hajakikanyaga.

Hili linanikera, na sitaki kulisema kwa kuzungukazunguka. Aliyegonga muhuri hajui kama fimbo ya arthi, inayoupeleka ardhini umeme uliovuja, imezikwa nzima au imekatwa ikabaki kipande. Hajui kama nyaya zilipimwa kwa megga, kifaa kinachoonyesha kama zinavujisha umeme. Hajui kama soketi ya jiko imevutiwa waya mwembamba wa taa. Kasoro ya namna hiyo yaweza kulala ukutani miaka, mpaka siku mama wa nyumba anaposhika mlango wa friji akiwa peku kwenye sakafu mbichi. Na sahihi iliyopo kwenye fomu ni ya mwenzetu. Tunawalaumu vishoka, mafundi wa mitaani wasio na leseni, kila siku. Anayewagongea muhuri ndiye anayewapa riziki. Mwanachama atakayethibitika kukodisha muhuri atafutwa kwenye daftari, awe mgeni au muasisi.

Kuhusu zamu, utaratibu ni huu. Mteja au mkandarasi akipiga simu, katibu atamtaja aliye juu kwenye daftari, ambaye daraja la leseni yake linaruhusu kazi hiyo. Kazi ya fezi tatu, yaani ya umeme mkubwa kama wa mashine, ikimkuta mwenye leseni ya chini, itampita na yeye atabaki na nafasi yake ileile kusubiri inayomfaa. Anayekataa kazi bila sababu anakwenda mwisho. Mteja akimtaka fundi kwa jina, apewe. Jina zuri mtu amelitolea jasho. Ila undugu na katibu, au na mimi, hausogezi jina la mtu.

Wapo wazee wetu walionung'unika kwamba tumewafungia mlango, na nawaelewa. Wengine wao wamewafundisha kazi nusu ya waliomo humu, ila darasani hawakukaa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, anaongezewa pale penye upungufu, anapata cheti. Waanzie hapo. Nimependekeza mfuko wetu uwakopeshe ada, warudishe kidogokidogo wakianza kupata zamu, na naomba mkutano ulipitishe hilo.

Vijana saidia fundi wataendelea kwenda saiti kama kawaida, mradi mwenye leseni awepo pale pale, si kwenye simu.

Kila mmoja alete kwa katibu nakala ya leseni yake pamoja na ile halisi kabla ya mkutano mkuu. Leseni iliyokwisha muda tutaihesabu kama haipo.