Wapelekeni watoto Salenda wakaone ndege wanaohama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na walimu wa chekechea na darasa la kwanza hapa Dar, maana hii ishu inaniuma. Mtoto wangu kaja na homuweki ya kupaka rangi picha ya nyumbu, chini imeandikwa "nyumbu huhama", basi, imeishia hapo. Nikamuuliza wanahama kwa nini, akasema wanakimbia mamba. Jamani, mamba anawasubiri tu mtoni, safari sababu yake ni mvua na majani! Hakuna aliyemwambia kwamba nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka hivyo kila mwaka, mwezi wa pili wako Ndutu, kusini mwa Serengeti, wanazaa karibu wote kwa pamoja ndani ya wiki chache, na kindama kinasimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Mtoto mdogo ukimwambia hilo hasahau. Wachoreeni duara kubwa uwanjani, kusini Ndutu, magharibi mto Grumeti, kaskazini mto Mara, mwalimu akiita "mvua imenyesha Ndutu!" wote wanageuka wanakimbilia kusini, mbona wataelewa bila kukariri.

Ila ninachotaka hasa ni hiki. Walimu wanasema hela ya kwenda Serengeti hakuna, na kweli ni mbali na ni gharama. Lakini wahamaji tunao hapa hapa mjini. Nendeni Salenda, pale darajani baharini, mwezi wa kumi hivi maji ya bahari yakipwa, simameni pembeni tu msiwaingize watoto kwenye tope, muwaone vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wanavyokimbia huku wanadonoa vijidudu, na sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, anauzamisha kwenye shimo anamtoa kaa, anamtikisa mpaka miguu inakatika ndo anammeza. Wengi wa hao wamezaliwa Urusi kaskazini kabisa, baridi ikianza kule chakula kinaisha wanashuka kwetu, mwezi wa nne wanarudi kuzaa. Ni kama baba ambaye kwao Bukoba ila riziki yake iko Kariakoo, na hilo mtoto wa Dar analijua vizuri sana. Tena kuna vitwitwi ambao wakubwa wanatangulia kuondoka, wadogo waliozaliwa mwaka huo huo wanafuata baadaye peke yao, njia hawajawahi kuiona na wanafika! Mimi mtu mzima hilo linanishangaza mpaka leo, sasa fikiria mtoto.

Na wakiuliza mbona kuna chupa na mifuko pale ndege wanapokula, wajibuni ukweli.

Na wewe Mhariri nakuomba, kwenye gazeti lako tuchapie ramani mbili kubwa, moja ya mzunguko wa nyumbu mwezi kwa mwezi, nyingine ya njia ya ndege kutoka Urusi mpaka Dar, walimu wazikate wabandike ukutani. Ndege wa kwanza wanaanza kufika mwezi wa nane, kwa hiyo zikitoka mwezi wa saba shule zitakuwa zimewahi.

Mzazi, Kinondoni