Reli aliyoijenga babu yako

Makambako

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Huku wazima, baridi tu ndiyo imetukalia. Umeniambia mlibishana chuoni na wewe ukashika msimamo kwamba TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, walijenga Wachina. Hukudanganya, ila nusu ya watu umewaacha porini.

Fedha zilitoka China kweli, mkopo usio na riba, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema reli hiyo haitalipa. Zambia ilikuwa imebanwa. Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, shaba ya Rais Kaunda wa Zambia ilikuwa ikipita huko huko kwa mahasimu wake kwenda baharini. Mkataba ukasainiwa Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 zilikuwa zimetandikwa toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Lakini mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, Watanzania na Wazambia waliokuwa njiani walizidi 30,000. Wachina hawakufika nusu yao.

Babu yako alikuwa kipande cha Mlimba hadi hapa Makambako, kile kilichowatoa watu jasho kuliko vyote: milima, tope, mahandaki mfululizo, na daraja la Mto Mpanga lenye nguzo za kwenda juu kama mita 50. Lugha hawakusikilizana. Fundi wa Kichina alifunga waya kwenye nondo taratibu mbele yao, akaufungua, akamkabidhi babu koleo. Babu akikosea, jamaa aliufungua tena na kuanza upya, kimya kimya. Mchana akashika sururu, akachimba nao. Kabla ya hapo babu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na huko hakuwahi kumwona bwana mkubwa akishika hata jembe. Hilo alilisimulia mpaka uzeeni. Hotuba za viongozi wala hakuzikumbuka.

Na mishahara, unajua ilitoka wapi? Gharama za ndani zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina zilizoletwa madukani kwetu. Yaani bibi yako alinunua vitu dukani kwa mshahara wa mumewe, na hela ile ile ikarudi kumlipa mumewe. Mimi hiyo huwa inanichekesha.

Sasa kampuni ya Kichina imepewa kazi ya kuifufua reli, na maneno kama yako tutayasikia sana. Pale Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wamezikwa Wachina zaidi ya 60 waliofia kazini. Nenda ukawaone, wanastahili heshima. Ila wenzako wakianza tena ubishi, wape na habari za gengi la babu yako.

Likizo ikifika, kama treni ya abiria inatembea, panda hiyo, achana na basi. Itachelewa, hilo lijue, kwa hiyo beba maji ya kutosha. Ukifika Mlimba ninunulie mchele, kilo kumi, na upatane bei kabla treni haijapiga honi. Hela nitakutumia kwenye simu.

Mama yako