Kigurudumu cha dripu si cha ndugu wa mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu wa wagonjwa, hasa wale wanaowahi gari la mwisho.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona shemeji yangu kwenye zahanati moja hapa Moshi mjini. Ana miaka 71, presha ya siku nyingi na moyo uliotanuka. Alilalamika mwili hauna nguvu, basi akatundikiwa dripu, na nilipofika ilikuwa ya pili. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, kwa hiyo hata kabla ya salamu jicho langu huenda kwenye matone. Hapakuwa na matone. Maji yalikuwa yanachuruzika mfululizo kama bomba lililosahauliwa.

Kijana wake alikuwa amefungua chote kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, kile kinachoongeza na kupunguza kasi ya maji. "Mama mdogo, nimeongeza spidi kidogo, tuwahi Hiace ya Uru." Shemeji anakohoa, anasema maneno mawili anatweta. Nikafunga kigurudumu, nikamkalisha miguu ikining'inia, nikapiga kelele nesi aje. Akachomwa sindano ya kumkojoza, akawekewa oksijeni. Hiace iliondoka bila wao, na shemeji hakupata usingizi mpaka alfajiri.

Simlaumu sana kijana. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kigurudumu ndicho kipimo cha dawa. Mipira mingi ya dripu ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Chupa ya mililita 500 ikitakiwa kwisha kwa saa nne, ni matone kama 42 kwa dakika. Moyo mchovu hupewa pungufu ya hapo, au haupewi kabisa. Yakiingia kwa pupa unashindwa kuyasukuma, yanajaa kwenye mapafu, na mtu anazama juu ya godoro kavu.

Halafu hii "dripu ya nguvu" mnayoiomba! Nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko vidogo sita hivi. Ile ya chumvi haina chakula chochote, ni gramu 9 za chumvi kwa lita. Mtu anayeweza kumeza, bakuli la mtori litamfaa zaidi. Lakini mtori hauingii kwenye bili ya zahanati.

Kwa watoto, kigurudumu msikiguse kabisa. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali na mzunguko wa damu umedhoofika. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikufa kama 7. Sisi tuliozoea kukimbiza maji tulishtuka. (Anayeharisha mpaka macho yameingia ndani ni habari nyingine. Huyo hukimbiziwa maji kwa makusudi, na anayeamua kasi ni mtaalamu.)

Nami nina langu. Nikiwa nesi mgeni kazini, zamu ya usiku, nilimfunga mtoto bandeji nene juu ya kanula (kale kamrija kanakoingia kwenye mshipa) asiichomoe. Alilia, nikadhani ni deko. Nilipofungua asubuhi, mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, ngozi inang'aa, baridi kama chupa yenyewe. Maji yalikuwa yametoka nje ya mshipa usiku kucha. Ulipona, ila tangu siku ile mgonjwa akisema panauma, nafungua. Ukiona uvimbe, au wekundu na joto linalofuata mshipa, sema hapo hapo, usingoje chupa iishe.

Kwa wenye zahanati nina ombi dogo. Zamani tulibandika plasta ubavuni mwa chupa, tukaandika kwa kalamu: saa nne maji yawe hapa, saa tano hapa. Hata ndugu asiyejua lolote aliona kama maji yanakimbia. Nesi niliyemkuta siku ile alikuwa peke yake na wagonjwa 11, na saa ya ukutani ya kuhesabia matone ilikuwa imesimama saa nane na dakika kumi. Betri moja tu, jamani.

Muuguzi mstaafu,
Kiborloni, Moshi