Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: ubao wa majina na mambo ya mirathi

Wanachama wenzangu, akina mama, wazee wetu na vijana, poleni na majukumu. Mahesabu atayasoma mweka hazina mwenyewe, mimi naongelea yale yaliyotula muda mwaka huu.

La kwanza ubao wa majina ya askari polisi wetu waliofia kazini. Shida yetu mnaijua, wenzetu waliopoteza watu kwenye MV Bukoba, meli iliyozama ziwani 1996, wana makaburi pale Igoma, ikifika 21 Mei wanajua pa kwenda, ila wa kwetu kila mmoja kazikwa kwao, huyu Tarime, huyu Sengerema, huyu Ukerewe, hata Kamanda Liberatus Barlow aliyeuawa kwa risasi hapa hapa Kitangiri Oktoba 2012 akiwa RPC wetu, yaani kamanda wa polisi wa mkoa wa Mwanza, alienda kuzikwa kwao Kilimanjaro. Mtoto anayekulia Mabatini hapa mjini hana mahali pa kwenda kuliona jina la baba yake, ndo maana tukakubaliana ubao.

Sasa ubishi ukawa kwenye mpangilio. Wapo waliotaka tufuate vyeo, maafisa juu konstebo chini, na kikao kikatupeleka mpaka giza likaingia. Mimi nilikuwa upande wa kufuata mwaka wa kufariki na bado nipo hapo hapo. Jina la Barlow kila mtu Mwanza analo, lakini wale askari waliouawa kituo cha Ushirombo kilipovamiwa Septemba 2014, au wale 8 wa Kibiti Aprili 2017, nani hapa anaweza kunitajia majina yao hata mawili? Konstebo hata gazetini anaanza na namba, jina linafuata nyuma. Kura zikapigwa, mwaka ukashinda, hilo limeisha jamani tusilirudie kwenye grupu.

Pia tumekubaliana aliyekufa kwa ajali ya gari akiwa doria au kusindikiza mtuhumiwa, na aliyezama akiwa kazini ziwani, wote wanaingia. Watu wanadhani ni risasi tu.

Picha ndo zimetusumbua. Mama mmoja alikuja na meli ya asubuhi kutoka Nansio kaifunga picha kwenye khanga, kuifungua ni pasipoti ya kitambulisho, imekatika kona na mhuri umepita shavuni, eti ndo hiyo hiyo moja aliyonayo. Kijana wa studio kaisafisha vizuri, mhuri tukamwambia auache maana mama mwenyewe kasema usitolewe.

La pili mirathi, na hapa nitasema ukweli hata kama kuna watakaonuna. Mazishi ya askari yanapendeza, gwaride, bendera, risasi hewani, hotuba, wiki ikiisha mjane anabaki na bahasha ya makaratasi na anaulizwa kota anaachia lini. Kuna ofisi moja ilimzungusha mwenzetu njoo kesho njoo kesho mpaka nauli ikamwishia. Kwa hiyo mwaka huu kamati ilikuwa inaenda nao, cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, halafu Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri, na madai ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mashemeji wengine wanagoma kusaini muhtasari mpaka waambiwe hela ni ngapi, hao tumewafuata nyumbani kwao na wazee wawili, wengi wakalainika. Na wewe uliyeteuliwa msimamizi kumbuka mahakama inataka orodha ya mali ndani ya miezi 4, usikae nayo kabatini.

Michezo ya watoto haikufanyika, mvua.

Wenye majina ambayo hayajaletwa, leteni kwa katibu kabla fundi hajaanza kuchonga, jina kamili, namba ya jeshi, cheo na mwaka. Tukishachonga kuongeza jina ni hela nyingine, na michango ya ubao wengine bado hamjamaliza, mnajijua.